Maji ya Sanduku la Risasi

Goma, 17 Februari 1957

Kwa Émile Nsanzimana, mudogo wangu, kule Léopoldville.

Amani iwe nawe na yeyote anayekupikia. Sisi hapa tunapumua. Bwana yangu Ntirenganya anakusalimia. Juma hili tena ameshuka Vitshumbi na kamyo, lile lori la tajiri wake, kuchukua samaki wa chumvi, na akirudi nyumba yote inanuka mpaka kuku wanatukimbia. Watoto ni wazima. Perpétue amepata komunyo yake ya kwanza. Alivaa ile kanzu uliyotuma, lakini ilibidi niongeze kitambaa chini, kwa sababu wewe ulimupima kwa macho ya siku ile ulipoondoka. Mvua imekawia, mapipa ni matupu, tunachota maji ziwani kule Kituku, na mugongo wangu unajua.

Sasa neno lenyewe. Ni neno dogo. Nina kitu shingoni.

Usiruke. Unajua watu wa milima yetu ya Masisi: rovu ni kama pua, kila mutu ana lake. Mama yetu alizeeka na rovu kubwa kama kibuyu na alikuwa anaimba nalo kanisani. Lakini la mama lilikuwa laini. Langu liko upande mumoja, gumu, na ugali wa muhogo unapita kwa shida. Wewe ni infirmier, muuguzi wa hospitali, umesoma vitabu. Gumu na laini, tofauti yake ni nini?

Nyiramahirwe wa Munigi, yule aliyekuwa anauza mahindi barabarani, lake lilikuwa gumu. Tulimuzika karibu na Noeli. Sikuambii hiyo kwa sababu yoyote. Ni habari tu.

Ntirenganya sijamuambia. Nafunga kitambaa. Wewe pia usimuandikie.

Ni mimi, yaya yako, Séraphine


Léopoldville, 24 Machi 1957

Kwa Yaya Séraphine, dada yangu mukubwa,

Barua yako imefika na chapa za posta nyingi, inaonekana imetembea nchi yote kabla ya kunikumbuka. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Mimi ni muzima. Joto la huku halina adabu, na chikwangue, ule mukate wao wa muhogo, bado tunagombana nayo. Usiku naota viazi vyako na maharagi. Mubusu Perpétue, umuambie nitatuma kanzu ya mutu mukubwa.

Unauliza tofauti ya gumu na laini. Mara nyingi hakuna. Mara nyingine iko. Mukono wangu hauwezi kupapasa shingo yako kutoka huku, kwa hiyo sitasema zaidi juu ya hiyo.

Lakini sikiliza. Mwaka huu walinitoa kwenye vitanda vya wagonjwa, wakaniweka katika labo ya dokta mumoja anayefanya utafiti. Kila mara ndege ya Ubelgiji inatuletea chupa ndogo kuliko kidole chako, ndani ya sanduku la risasi, yale madini mazito, na sanduku lile linachosha wanaume wawili. Ndani ya chupa ni yodi, ndugu ya ile dawa ya kupaka kidonda, ila hii imetengenezwa itoe miale. Jicho haliioni. Mugonjwa anakunywa kidogo sana katika glasi ya maji. Yodi ile haizururi mwilini. Inakwenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingo, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Kesho yake mugonjwa analala, masini inapita juu ya shingo yake, inakwenda na kurudi kama mutu anayelima matuta, na kila inapoonja miale, kalamu yake inapiga nukta kwenye karatasi. Pale tezi inapofanya kazi, nukta zinajaa. Pale palipoingia kitu kingine, panabaki peupe. Ndivyo dokta anavyoona uvimbe bila kufungua mutu kwa kisu. Yeye mwenyewe anatuambia: bado tunajaribu, hatujajua yote.

Anatafuta watu wa milima ya Kivu, sababu ya marovu. Nimemuambia habari yako. Labo italipa safari. Njoo, Yaya. Usingoje mahindi yakomae.

Mudogo wako, Émile


Goma, 2 Juni 1957

Émile,

Nakusalimia, na usihesabu miezi. Nilikuwa na palizi, halafu kamyo ya Ntirenganya ilivunjika njia ya Rutshuru, halafu mutoto wa mwisho alikuwa na tetekuwanga. Amepona. Ana makovu mawili usoni na anajiona mwanaume.

Ntirenganya ameliona. Nilikuwa nachanganya uji, kitambaa kikafunguka. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikamusomea barua yako. Akanishika mukono mpaka kwa muzee Kataliko, yule katekista anayesoma magazeti ya mapadri.

Muzee Kataliko akaniuliza: "Mama Perpétue, hiyo miale inatoka wapi?"

Nikasema: "Ubelgiji."

"Hapana. Mama yake iko hapa, katika udongo wetu. Jiwe walilochimba kule Katanga ndilo lililounguza miji ya Wajapani. Watu walipotea, wakabaki vivuli ukutani."

Ntirenganya akasimama. Akasema: "Bibi yangu hatakunywa vita."

Tukarudi nyumbani. Nami nikasema moyoni kwamba ana haki. Usiku ule nilitazama ukuta wetu kwa mwanga wa taa, nikaona kivuli changu na shingo yake iliyovimba, nikazima taa.

Nakuuliza, nawe unijibu kama mutoto wa mama yangu, si kama infirmier. Wale waliokunywa, wako wapi sasa? Na wewe mwenyewe, umekwisha kuyanywa?

Séraphine


Léopoldville, 30 Juni 1957

Yaya,

Nafurahi kwa mutoto. Makovu ya tetekuwanga yanafifia, umuambie asijivune mapema.

Wale waliokunywa: wengi wamerudi kwao. Kuna waliokufa, sitakuficha, lakini maji hayakuwaua. Walikuja shingo zimekwisha kufungwa, tulichokiona kwenye karatasi hakikuwa na njia tena. Muzee Kataliko hakudanganya juu ya lile jiwe. Ila hakuuliza kipimo: chetu ni kidogo sana.

Swali lako la pili limenikaa kooni juma zima. Hapana, sijayanywa. Nawapa watu glasi kwa mukono wangu huu wenye ganti, glavu ya mupira, nawaambia "usiogope", na baadaye natoka nasimama nyuma ya ukuta.

Dokta anahitaji shingo ya mutu muzima wa Kivu, apate kulinganisha na za wagonjwa. Jana nilimuambia achukue yangu. Akanitazama. "Kwa nini leo?" Nikamuambia: "Dada yangu ameniuliza swali." Hakucheka.

Nitayanywa siku ya kwanza ya juma lijalo. Picha ikitoka, nitakuandikia palepale. Utaona sina neno, Ntirenganya ataona, na wewe utapanda mashua.

Émile


Goma, 18 Agosti 1957

Émile, salamu zetu sote.

Ile siku ya kwanza ya juma imepita. Juma limepita, na mwezi umepita nyuma yake. Karani wa posta sasa ananijua. Nikiingia mulangoni tu anatikisa kichwa, anaona huruma kunitamkia.

Ntirenganya amerudi na samaki, akaketi, akaniuliza tu: "Huko Léopoldville ameandika?" Nikasema bado. Akachukua jembe akaenda shambani, yeye ambaye hajui hata shamba letu liko upande gani.

Labda ndege zimechelewa. Labda wamekuhamisha. Nalima, napika, nasema labda.

Séraphine


Goma, 22 Septemba 1957

Émile. Kama uko, andika jina lako tu, niuone mukono wako.

Mimi niliuliza kama umekunywa. Sikukuambia ukanywe.

Na kama hayuko, wewe unayefungua barua hii, mubaya au mwema, mweupe au mweusi, tafadhali umuandikie Séraphine Nyirarukundo, kwa mapadri, Goma. Usimufiche kitu.


Léopoldville, 6 Oktoba 1957

Yaya mupenzi,

Niko, na mukono ni huu. Nihurumie, kazi ilinizidi. Mvua zimeanza huku, barabara zinakuwa mito. Jumapili tulikwenda kutazama mupira, timu ya mutaa wetu ilipigwa vibaya, na jirani yangu Onésime alikasirika akatupa viatu vyake uwanjani, halafu akarudi nyumbani bila viatu. Tulicheka sana. Nimenunua redio ndogo. Chakula ni kizuri. Namutumia Ntirenganya kofia kupitia abbé mumoja, padri anayerudi huko.

Maji yale hayana ladha. Sikuungua, nywele zangu ziko, kivuli changu kinanifuata kama zamani. Kwa hiyo huna sababu ya kukataa tena. Dokta anakungoja. Uje upesi, Yaya, hiyo ndiyo naomba.

Wasalimu wote.

Émile


Goma, 3 Novemba 1957

Émile,

Tunakushukuru kwa kofia. Ni ndogo, lakini Ntirenganya anaivaa.

Barua yako nimeisoma nikalia, halafu nimeisoma tena nikaacha kulia. Kuna mupira mule, kuna mvua, kuna viatu vya Onésime na redio. Picha haimo. Mutu aliahidi kuniandikia picha ikitoka palepale, akanyamaza mpaka nikamulilia kama marehemu, halafu ananiletea mupira?

Nilikubeba mugongoni kutoka Masisi siku mama alipokuwa na homa, njia nzima hukulia hata mara moja, na tulipofika nikakuta mwiba umeingia wote katika muguu wako. Najua unavyonyamaza.

Mimi sasa ugali nimeuacha, nakunywa uji. Sisemi hivyo upate kuniambia nije. Nasema hivyo ujue kwamba mimi nakuambia yangu.

Picha inasema nini?

Yaya yako


Léopoldville, 24 Novemba 1957

Yaya,

Peupe.

Upande wa kushoto, chini, mahali padogo kama punje ya hindi, hakuna nukta. Nilikuwa nimelala chini ya masini, nasikia kalamu inapiga, ta-ta-ta, halafu inanyamaza, halafu inapiga tena. Nilijua kabla ya kuona karatasi. Ukimya ule nimeusikia juu ya shingo za watu wengine, nikiwa nimesimama. Nilimuambia dokta: kalamu imeharibika. Naye alitaka iwe hivyo, akarudia yote tangu mwanzo. Ikanyamaza palepale. Akanipapasa kwa kidole kimoja. "Hukuwahi kusikia kitu hapa?" Nikasema hapana. Tangu siku ile nakisikia kila nikimeza mate.

Anataka kukata. Nimekataa mara mbili. Nilisema sijapata neno la familia, na familia sikuiandikia. Pale karibu kunapita mushipa mwembamba unaoshika sauti. Nimeona watu walioamka wakifungua mudomo na hakutoka kitu. Lakini si hilo tu. Wakikitoa watakitazama kwa mikroskopi na watakipa jina, na mimi nalijua jina lile, nimelitafsiri kwa wagonjwa kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, nikichagua maneno laini.

Leo asubuhi nilimupa muzee mumoja glasi yake. Nikamuambia "usiogope", naye akanitazama usoni akairudisha mezani. Ilibidi wamuite mutu mwingine.

Usije tena. Umufuate munganga wa huko, labda wa Bukavu. Sitaki unione hivi.

Émile


Goma, 8 Desemba 1957

Émile mudogo wangu,

Nakuja.

Nilimusomea Ntirenganya barua yako yote, hata pale pa muzee na glasi. Akatoka nje, akasimama kando ya kamyo muda murefu, anapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Alipoingia alisema: "Shemeji alikunywa kwa sababu ya mudomo wangu."

Nikamuambia: "Asingekunywa, ile punje ingelala kimya mpaka imufunge koo. Mudomo wako umemuonyesha."

"Unasema hivyo kunituliza."

"Nasema hivyo nipate kusimama. Sijui kama ni kweli."

Akavaa ile kofia yako, akaenda ofisi ya Bwana Administrateur, mukubwa wa serikali, kuniombea karatasi ya safari, yeye anayechukia ofisi kuliko askari wa barabarani. Wamemurudisha, amekwenda tena. Jana amerudi nayo. Julien, mudogo wake, atakaa na watoto Ntirenganya akiwa barabarani. Nitapanda mashua mpaka Bukavu, na pale ndege.

Naogopa ndege. Naogopa maji yako. Naogopa nifike nikute kitanda kimetandikwa vizuri na hakuna mutu ndani yake. Nimekuandikia haya yote sasa ili nikifika nisiwe nayo mudomoni.

Wewe utanipa ile glasi ya maji, nami nitayanywa. Halafu nitatembea nawe mpaka mulango wa kisu. Dokta akiuliza neno la familia, umuambie liko njiani, lina shingo nene na linakuja.

Séraphine


Goma, 9 Machi 1958

Émile,

Nimefika salama, asante Mungu. Ziwa lilikuwa baya kutoka Bukavu, nimetapika mpaka Idjwi. Nyumba nimeikuta imesimama. Julien aliwapikia watoto maharagi tu, asubuhi na jioni, sasa hawataki kuyaona.

Watu wanakuja kunitazama kama nimetoka kaburini. Perpétue anataka kusikia kila kitu, nami namusimulia: kwamba maji yale yana ladha ya glasi tu. Kwamba masini ni baridi, na mutu hashikwi nayo popote. Kwamba mimi nililala pale nasali kalamu isinyamaze, na kweli haikunyamaza, karatasi yangu ilijaa nukta kama mutu mwenye tetekuwanga, na dokta akasema ni rovu la milima, basi, akanipa matone ya kumeza. Tayari natafuna kidogo. Simuambii kwamba nilitoka mule nikaona haya kukutazama. Mimi niliyekuja na shingo ya kutisha sina neno, na wewe ambaye shingo yako ilikuwa nzuri, umebaki na kovu kama mukufu.

Namusimulia pia ulivyoamka baada ya kisu. Nilikuambia: "Émile, sema kitu." Ukasema: "Maji." Sauti ilitoka kama majani yanayosagwa, lakini ilitoka, nikapiga magoti pale sakafuni mbele ya masere wote, wale watawa wa hospitali.

Sasa nakuuliza. Siku ya mwisho ulikunywa tena kidogo, masini ikapita, na dokta akaja na karatasi mupya. Ukaniambia nikanunue machungwa ya safari. Sikuwa na haja ya machungwa. Niliporudi ulikuwa unatazama dirisha, ukasema ni mambo ya labo. Nilikubali kwa sababu ndege haimungoji mutu. Hapa nyumbani nikifumba macho naliona dirisha lile.

Karatasi ilisema nini?

Yaya yako


Léopoldville, 30 Machi 1958

Yaya,

Mara hii sikawii.

Walipotoa tezi yote, shingoni hapakubaki kitu cha kuita yodi. Kwa hiyo dokta alinipa maji tena aone kama yatakwenda mahali pengine. Kama mbegu ya kile kitu imetoroka ikajipanda pengine, huenda bado inakumbuka tabia ya tezi, na yodi itaifuata.

Kalamu ilipiga kifuani. Mahali pawili.

Uso wa dokta sijawahi kuona uso kama ule, ulikuwa na huzuni na furaha pamoja, sikujua nitazame upande gani. Akaniambia: "Kama kingekuwa kipo na kalamu haipigi, nisingekuwa na la kufanya. Lakini yodi inakijua. Kule kipimo kidogo kinakofika, kipimo kikubwa kitafika." Si kwa kuona tena. Ni kwa kukiunguza humohumo ndani. Muambie Ntirenganya, bila kumuchokoza: sasa ndiyo vita yenyewe nitakayokunywa.

Anasema wamefanya hivyo Ulaya na Amerika kwa watu wachache, wengine wamepona, wengine hapana. Yeye hajafanya hata mara moja.

Sanduku litafika mwisho wa Aprili. Nitafungiwa peke yangu katika chumba cha mwisho, chenye ukuta munene. Chakula watakisukuma kwa fimbo ndefu. Kila nitakachogusa mule hakitatoka: sahani, shuka, karatasi. Barua inaweza kuingia. Kutoka haiwezi. Kwa hiyo usipoona jibu, usiende posta.

Naogopa kufa, Yaya, hilo unalijua. Naogopa pia kuwa mutu ambaye wengine wanamupitia mbali.

Émile


Goma, 20 Aprili 1958

Émile wa mama yangu,

Soma hii polepole, usiimalize siku moja.

Huku mahindi yametoka vizuri. Ntirenganya alikataa kwenda Vitshumbi juma hili, tajiri akafoka, mwishowe akaenda, lakini kabla ya kuondoka alikaa mulangoni akaniuliza chumba chako kina dirisha au hakina. Sikujua. Nikasema kina, linatazama muti. Kama si kweli, usinikosoe.

Muzee Kataliko alikuja. Alikaa, akanywa chai, hakuzungumza juu ya gazeti lolote. Wakati wa kuaga akauliza jina lako la ubatizo kwa usahihi, apate kulisoma kwenye misa. Jumapili amelisoma. Watu wakageuka kunitazama, nami nikatazama mbele.

Sitakuambia usiogope. Naogopa nikifua, naogopa nikipepeta maharagi, watoto wamezoea kuniita mara mbili. Jana Perpétue aliniuliza: "Mama, yale maji yakikosea njia?" Nikamuambia yanajua njia, wewe ulinifundisha. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu juu ya mawe meusi.

Umesema barua hii haitatoka mule. Wataitupa pamoja na shuka zako. Vema. Kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho utakishika bila ganti na bila kuomba ruhusa. Ni barua hii: ishike.

Yaya yako, Séraphine


Léopoldville, 1 Juni 1958

Yaya,

Hii nimeiandika nje, mezani kwangu, kwa karatasi safi. Masini imepita juu ya mikono yangu na juu ya kalamu, kwa hiyo watoto waishike bila woga.

Chumba hakikuwa na dirisha. Lakini nilipoisoma barua yako niliweka muti kwenye ukuta wa kulia, na niliutazama.

Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu tumbo likageuka, shingo ikavimba, mate yakakauka nikawa kama mutu anayetafuna pamba. Mulangoni dokta alikuwa ananiuliza hali kwa sauti kubwa, nami sauti yangu mbovu haikufika, tukawa tunagonga ukuta. Kugonga mara moja, niko. Kuna saa nilikaa bila kugonga makusudi, nione kama nitasikia vibaya kuwa kimya. Nilisikia vibaya sana, nikagonga.

Karatasi: mahali pamoja kifuani pamenyamaza. Pale pa pili bado panapiga, kidogo. Dokta hataki kusema neno la kupona, nami simulazimishi. Kabla mwaka haujaisha nitayanywa tena. Nimekwisha kuanza kuogopa chumba kile, lakini sasa naogopa kitu ninachokijua.

Nikuambie siku walipofungua. Dokta alisimama mbali, ameshika chombo chake cha kupima miale, akakipitisha, akasoma, akasema: "Unaweza kutoka." Nikabaki pale mulangoni. Wafanyakazi wa labo walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa pili, wenzangu, watu tuliokula pamoja, na hakuna aliyesogea. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilizoea kusimama nyuma ya ukuta.

Basi yule masere muzee aliyekuwa anasukuma sahani kwa fimbo akaja. Akavua ganti zake, akaziweka mufukoni, akanishika mukono, akaanza kutembea nami kwenda uani kwenye jua. Nililia njia nzima, naye akatazama mbele. Mukono wake ulikuwa umelowa jasho. Alikuwa anaogopa, Yaya. Hakuniachia.

Mudogo wako, Émile